Kesi Yetu Katika Kioo cha Waingereza

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, mawakili, wanafunzi na wazee wa mtaa, Nyamirambo, Kigali

 Nashukuru kwa kuwa mmeniruhusu kusema kwa Kiswahili, lugha iliyosikika katika mji huu tangu zama za Wajerumani, na ambayo tangu mwaka 2017 sheria imeiweka miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda.

Maksudi yangu ni haya. Nimekuja kuwanasihi mtazame tamthilia moja ya televisheni ya Waingereza iitwayo Black Earth Rising, iliyoandikwa na kuongozwa na Hugo Blick, ikaonyeshwa mara ya kwanza na BBC mwezi Septemba 2018, na tangu Januari 2019 ikawafikia watu wa nchi nyingi kwa njia ya Netflix. Ina sehemu nane, kila moja yapata saa moja. Ni tamthilia ya mawakili, mashahidi, hati za mashtaka na mahakimu, na kesi inayobishaniwa humo ni yetu. Ninawaomba mwitazame kama watu waliowahi kuketi katika kiti cha hukumu, maana nchi nzima ya Rwanda imewahi kuketi hapo. Na hoja zangu zote za jioni hii zitakizunguka kiti hicho.

Kisa chenyewe, kwa muhtasari, ni hiki. Binti mmoja, Kate Ashby, ambaye mwigizaji wake ni Michaela Coel, aliokolewa utotoni katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, akalelewa London na mama Mwingereza, Eve Ashby, mwendesha mashtaka wa makosa ya jinai ya kimataifa. Siku moja mama huyo anakubali kumshtaki jenerali aliyekuwa miongoni mwa waliopigana kuyakomesha mauaji yale, lakini ambaye sasa anatuhumiwa kwa matendo aliyoyafanya baadaye katika nchi ya Kongo. Na binti, kwa uchungu usiofichika, anaona kwamba amesalitiwa na mkono uliomlea. Kutoka hapo anaingia kazini katika ofisi ya wakili mmoja mzee, Michael Ennis, anayeigizwa na Mmarekani John Goodman, na kesi moja inaizaa nyingine, baina ya London, The Hague, Kigali na mashariki ya Kongo. Zaidi ya hayo sisemi, kwa kuwa mtu aliyeambiwa hukumu kabla ya ushahidi hawezi tena kuusikiliza ushahidi kwa moyo mweupe.

Hoja yangu ya kwanza yahusu desturi iliyoizaa tamthilia hii. Waingereza wamezoea kwa muda mrefu kuifanya mahakama kuwa jukwaa. Kati ya mwaka 1972 na 1984 kampuni ya televisheni ya Granada, iliyokuwa na makao yake Manchester, ilionyesha mchana tamthilia iliyoitwa Crown Court, juu ya mahakama ya mji wa kubuniwa, Fulchester. Hakimu, mawakili na mashahidi walikuwa waigizaji. Lakini baraza lile la raia ambalo kwa sheria ya Kiingereza husikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana, hilo lilikusanywa kutoka kwa watu wa kawaida wa eneo lile, likaachiwa liamue lenyewe kwa kadiri lilivyosadiki, hata ikawabidi waigizaji wajitayarishe kwa miisho miwili, wa kutiwa hatiani na wa kuachiliwa. Baadaye akaja John Mortimer, wakili wa kweli, akamtunga Rumpole, wakili mzee mtetezi wa wanyonge ambaye watazamaji walimfuata tangu 1978 hadi 1992. Na baada yake Peter Moffat, naye aliyewahi kuwa wakili, akaandika Silk, iliyoonyeshwa kati ya 2011 na 2014. Hizi zote ni kazi njema, na vijana wanaosomea sheria wangefaidika nazo, hasa kwa kuwa nchi yetu, iliyorithi kwa Wabelgiji utaratibu ambao jalada la maandishi ndilo lenye kauli, imekuwa ikiuchanganya utaratibu huo na ule wa Kiingereza, ambao neno lisemwalo hadharani na kudodoswa na wakili wa upande wa pili ndilo lenye uzito.

Ila nilipoisoma habari ya Crown Court, fikra zangu hazikukaa Manchester. Zilirudi huku vilimani. Niruhusuni kuwauliza wazee mlioketi safu za mbele: ni wangapi kati yenu mlikuwa inyangamugayo, waamuzi wa mahakama za gacaca? Naona mikono, nayo ni mingi. Tazameni, vijana, mwone mnaketi pamoja na nani. Tangu mahakama za gacaca zilipoenea nchi nzima mwaka 2005 hadi zilipofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, raia wasio na joho wala shahada ya sheria, waliochaguliwa na majirani zao kwa uadilifu wao, wakiwa tisa katika baraza na baadaye saba, walikaa nje juu ya viti vya mbao na majani, wakasikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Walikosolewa, ndani na nje: kwamba mshtakiwa hakuwa na wakili wa kumtetea, kwamba baadhi ya waamuzi walipokea hongo, kwamba mashahidi walitishwa, na ni kweli vilevile kwamba walikuwako mashahidi waliouawa kwa sababu ya kusema. Hayo yote yaandikwe katika taarikhi bila kupunguzwa. Lakini hakuna taifa nilijualo katika zama zetu ambalo watu wake wengi kiasi hiki, mkulima, mwalimu, mama muuza nyanya, wamelazimika kumtazama mtu usoni, kumsikiliza, kumsikiliza na anayemshtaki, kisha kusema: huyu tunamhukumu, huyu tunamwachilia, huyu tunampunguzia adhabu kwa kuwa amekiri. Mtazamaji wa Uingereza akiitazama tamthilia ya mahakama hujifunza kazi ambayo huenda asiifanye maishani mwake. Mtazamaji wa Kigali anaitazama kazi aliyoifanya yeye, au aliyoifanya mama yake.

Hoja ya pili, nayo ndiyo iliyo moyoni mwangu zaidi, ni juu ya shahidi.

Mnajua kwamba kwa azimio nambari 955 la tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kimataifa ya kuwashtaki wahusika wakuu wa mauaji yale, nayo ikakaa Arusha mpaka ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015, baada ya kuwashtaki watu 93. Mnajua pia kwamba kesi yake ya kwanza kutolewa hukumu ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komini ya Taba, aliyekamatwa Zambia mwaka 1995. Lakini jambo ambalo vijana wengi hawalijui, nami ningependa lifundishwe katika kila shule yetu, ni namna kesi hiyo ilivyogeuka katikati ya safari. Hati ya kwanza ya mashtaka haikumtuhumu Akayesu kwa ubakaji hata kidogo. Wapelelezi walikuwa wamepita, waendesha mashtaka walikuwa wameandika, na jambo hilo halikuwamo. Ndipo mwanamke mmoja wa Taba, akitoa ushahidi juu ya mambo mengine, akataja lililompata binti yake. Na hakimu Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee katika jopo la mahakimu watatu, hakuliacha neno lile lipite. Aliuliza. Akaja shahidi mwingine, naye akaulizwa, naye akasema. Mashtaka yakabadilishwa mwezi Juni 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 ikatoka hukumu iliyokuwa ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la kimbari, na ya kwanza kutamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la kimbari.

Fikirini maana ya jambo hilo, mabibi na mabwana. Kanuni ambayo leo inafundishwa katika vyuo vikuu vya sheria haikushuka kutoka kwa wataalamu. Ilipanda kutoka kizimba cha mashahidi, katika kinywa cha wanawake wa kijijini ambao majina yao yalifichwa kwa usalama wao, na ambao lau wangenyamaza siku ile, au lau hakimu angesema kwamba jambo hilo halimo katika hati, sheria ya dunia ingebaki na upungufu wake.

Sasa niwarudishe kwenye tamthilia. Katika filamu nyingi za kigeni zilizohusu nchi yetu, mtu aliyenusurika amewekwa pembeni ili aonewe huruma, ilhali katikati amesimama padri wa Kizungu, au askari wa Umoja wa Mataifa, au mwandishi wa habari, akipambana na dhamiri yake. Hugo Blick ameupindua mpango huo. Kate Ashby ni mnusurika, na wakati huohuo ni mpelelezi: yeye ndiye anayezitafuta hati, anayesafiri, anayeuliza maswali, anayewakasirikia wakubwa, anayekosea na kurudi. Analo kovu mwilini na maradhi ya nafsi ambayo tamthilia haiyafichi wala haiyafanyi kuwa pambo. Mwanamke huyu hataki kuonewa huruma. Ataka kuambiwa ukweli, na ataka uthibitishwe. Michaela Coel, binti wa wazazi wa Ghana aliyezaliwa London, amelibeba jukumu hilo kwa hasira na utulivu kwa pamoja, na kwa kazi hiyo peke yake ningeweza kuwapendekezea tamthilia hii hata kama sehemu zilizobaki zingekuwa dhaifu.

Wala wenyeji wa Rwanda katika kisa hiki hawakupewa kazi ya kufungua milango na kubeba mizigo. Yumo Alice Munezero, mwanamke aliyekuwa kamanda vitani, anayeigizwa na Noma Dumezweni. Yumo mshauri wa rais, David Runihura, anayeigizwa na Lucian Msamati, ambaye watu wa Afrika Mashariki tuna haki ya kumwita ndugu, kwa kuwa wazazi wake ni Watanzania, na ndiye mwigizaji mweusi wa kwanza kucheza nafasi ya Iago katika kundi la Royal Shakespeare Company, mwaka 2015. Hawa wamepewa hoja ndefu, zenye fasaha na mantiki, na mara nyingi hoja zao zina nguvu kuliko za Wazungu wanaojibizana nao.

Nitaongeza jambo moja la usanii. Mwongozaji, kila anapofika mahali pa kuonyesha kumbukumbu za mauaji, huacha picha za watu na kutumia michoro ya nyeusi na nyeupe inayotembea. Watu hawaonekani wakichinjwa na waigizaji waliopakwa rangi nyekundu. Naiona hiyo kuwa adabu kubwa kwa marehemu wetu, na wasanii wa hapa wanaotayarisha kazi za kumbukumbu wangefanya vyema kuichunguza.

Hoja ya tatu ni juu ya London yenyewe. Sehemu kubwa ya ubishani katika tamthilia hii yahusu swali la kumkabidhi mtuhumiwa kwa nchi nyingine ili akashtakiwe, na swali hilo kwetu si la kubuni. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa kuwarudisha Rwanda watu wanne waliotuhumiwa kwa mauaji ya kimbari, kwa hofu kwamba kesi zao zisingesikilizwa kwa insafu. Ombi likaletwa upya kwa watu watano. Likakataliwa tena mwishoni mwa 2015, na uamuzi huo ukathibitishwa katika rufani mwaka 2017. Wakati huohuo mahakama ya Arusha, ambayo haikuwa rahisi kuridhika, ilikuwa imekubali mwaka 2011 kumleta Jean Uwinkindi ashtakiwe hapa, baada ya Rwanda kufuta adhabu ya kifo mwaka 2007 na kurekebisha sheria zake, naye akafika Aprili 2012; na mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ikasema, mwaka huo huo wa 2011, kwamba Sweden yaweza kumkabidhi mtuhumiwa kwa Rwanda bila ya kuvunja haki zake. Kinyume chake, mwezi Juni 2015 jenerali mmoja wa Rwanda alikamatwa uwanjani Heathrow kwa hati ya hakimu wa Hispania, na mwezi Agosti mwaka huo kesi ikafutwa, kwa kuwa haikusimama katika sheria ya Uingereza.

Najua kwamba mambo haya yanauma. Mama aliyepoteza watoto, akisikia kwamba mtuhumiwa wake anatembea huru katika mji wa Uingereza kwa sababu mahakimu wamesoma kifungu fulani cha mkataba, hawezi kuambiwa atulie. Mimi mwenyewe naamini kwamba maamuzi yale ya London yalimdhulumu. Lakini ninayoyaamini ni jambo moja, na kujua jinsi uamuzi ulivyofikiwa ni jambo jingine, na tamthilia hii inatufundisha hilo la pili. Inatuingiza katika chumba ambamo mawakili wanapima kila neno la hati, inatuonyesha namna serikali kubwa zinavyoweza kusogeza vipande nyuma ya pazia, na namna hakimu mwaminifu, akiwa amefungwa na sheria aliyoapa kuilinda, anavyoweza kutoa uamuzi usiowaridhisha wenye haki. Mtu anayetaka siku moja kusimama mbele ya mahakama ya namna hiyo na kuishinda lazima kwanza aijue inavyofikiri. Mawakili vijana, hili nimelileta kwenu.

Hoja ya nne ni kasoro, kwa kuwa anayependekeza kitu bila kutaja kasoro zake anawafanya wasikilizaji wake kuwa watoto.

Kasoro nyepesi ni ya mahali: vilima vinavyoitwa vya Rwanda katika tamthilia hii vilipigwa picha Ghana, na macho ya Mnyarwanda yataitambua ardhi ile mara moja kuwa si ya kwao. Haikuwa lazima iwe hivyo. Raoul Peck alipoitengeneza filamu yake Sometimes in April, iliyotoka mwaka 2005 na yenye mandhari ya mahakama ya Arusha, alikuja kuipigia picha Rwanda. Na wale waliotengeneza filamu ya Shooting Dogs walipiga picha Kicukiro, mahali pale pale mambo inayoyasimulia yalipotukia.

Kasoro ya sheria ina uzito zaidi. Mtazamaji asiyejua anaweza kutoka na dhana kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ina uwezo wa kushughulikia kila jambo lililotupata. Haina. Mkataba wake ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2002, na hauwezi kurudi nyuma kuyagusa ya 1994. Tena Rwanda si mwanachama wake, ilhali Kongo ni mwanachama. Ndiyo maana kesi zake za mwanzo zilizoihusu Kongo zilikuwa za eneo la Ituri, mashariki ya nchi hiyo: Thomas Lubanga, aliyetiwa hatiani mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto vitani, na Bosco Ntaganda, aliyejisalimisha katika ubalozi wa Marekani hapa Kigali mwezi Machi 2013, na ambaye mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Mwalimu atakayeonyesha tamthilia hii darasani aanze kwa kuieleza mipaka hiyo ubaoni.

Kisha kuna suala la Kongo, ambalo ni zito kuliko yote, nami sitalikwepa. Tamthilia inaziweka mbele ya mtazamaji tuhuma za mauaji yaliyofanywa katika nchi ile baada ya 1994. Tuhuma za namna hiyo zimo katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, na serikali ya Rwanda ilizikataa. Wako watu duniani, nao si wachache, wanaozitumia tuhuma hizo kama mizani ya udanganyifu, wakitia upande mmoja mauaji ya kimbari na upande wa pili hayo ya Kongo, ili pande zote mbili zilingane na kosa la kimbari litoweke. Kwa hiyo nasema waziwazi: kutokea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hakungojei ushahidi wa tamthilia yoyote. Tarehe 16 Juni 2006 kitengo cha rufani cha mahakama ya Arusha kilitamka kwamba jambo hilo linajulikana na watu wote na halihitaji kuthibitishwa upya katika kesi yoyote. Hapo ndipo pa kusimama. Mtu aliyesimama hapo imara anaweza kuzisikiliza tuhuma nyingine zote, za nani na za wapi, na kudai kwa kila moja shahidi wake, mahali pake, tarehe yake na jina la mtuhumiwa, kwa kuwa kilio cha mama wa Kivu nacho ni kilio. Hapa ndipo ninapomlaumu mtunzi: ameyaacha mambo ya Kongo yasimuliwe zaidi na wanasiasa katika vyumba vya siri, na amewapa mashahidi wa Kongo nafasi ndogo mno. Tamthilia iliyompa mnusurika wa Rwanda sauti ndefu ingaliweza kumpa na Mkongo.

Sasa namna ya kuitazama, nami hapa nasema na wanusurika waliomo ukumbini. Ndugu zangu, hamna deni la kuitazama kazi hii. Imo michoro, zimo simulizi, kimo kilio, na usiku unaoweza kufuata baada yake ninyi mnaujua kuliko mimi. Asiyeweza asitazame, wala asione haya. Anayetaka kutazama asiitazame peke yake, wala asiitazame katika juma la maombolezo la Aprili, na awe na mtu wa kuzungumza naye baada ya kila sehemu. Kwa vijana waliozaliwa baada ya 1994, ambao sasa ndio wengi katika nchi hii, naona jambo ni tofauti: ninyi mmepewa majibu mengi, nanyi mnahitaji pia kuona jinsi majibu yanavyotafutwa.

Nami napendekeza utaratibu. Sehemu ni nane. Zitazamwe kwa majuma manane, sehemu moja kila juma, katika ukumbi kama huu, akiwapo wakili mmoja wa kueleza sheria na mzee mmoja aliyekuwa inyangamugayo wa kueleza jinsi yeye alivyosikiliza. Kabla ya sehemu ya mwisho kila mtazamaji aandike katika karatasi hukumu yake na sababu zake, kama walivyoamua raia wale wa Crown Court. Na baada ya mwisho karatasi zisomwe kwa sauti, tusikie ni nani alibadilika na ni ushahidi upi uliombadilisha. Zoezi hilo litamfundisha kijana uhakimu kuliko mihadhara yangu kumi.

Lakini mbele yetu iko kazi kubwa kuliko kutazama. Wakati hautungoji. Félicien Kabuga, mfanyabiashara aliyetuhumiwa kuyagharimia mauaji ya kimbari na aliyetafutwa kwa zaidi ya miaka ishirini, alikamatwa karibu na Paris mwezi Mei 2020 akiwa mzee. Kesi yake ikaanza The Hague mwaka 2022, mbele ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi za mahakama ya Arusha, na mwaka 2023 ikasimamishwa kwa kuwa afya ya akili yake haikumwezesha tena kushiriki. Kesi ile haitakuwa na hukumu. Mashahidi nao wanazeeka na kutuacha. Yatakayobaki ni maandishi: majalada ya Arusha, ambayo bado yako Arusha, na majalada ya gacaca, mamilioni ya kurasa, yaliyohifadhiwa hapa Kigali. Humo mna maneno ya watu wa kila kilima, na mimi sijui hazina ya tamthilia za mahakama iliyo kubwa kuliko hiyo mahali popote duniani.

Watu wa kuifanya kazi hiyo, ya kuandika tamthilia zetu wenyewe kutoka katika majalada hayo, wapo. Mchezo wa redio Musekeweya ulianza mwaka 2004 na ukakusanya wasikilizaji nchi nzima, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Wanyarwanda hawana subira ya kusikiliza visa virefu juu ya jambo hili. Eric Kabera, aliyeshiriki kuitengeneza filamu 100 Days iliyotoka mwaka 2001, aliasisi hapa Kigali chuo cha filamu cha Kwetu, na wako vijana waliojifunza humo kushika kamera na kuandika miswada. Lugha nayo iko: iandikwe kwa Kinyarwanda, na itolewe pia kwa Kiswahili, ili ndugu zetu wa Goma, wa Bujumbura, wa Kigoma na wa Mombasa waisikilize bila kumtegemea mtu wa London awasimulie.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, waandishi vijana, ni la wazi. Itazameni Black Earth Rising kwa makini, mjifunze jinsi Blick anavyolijenga swali na kulichelewesha jibu, na jinsi anavyomwacha hata mtu mwovu aseme hoja yake mpaka mwisho. Kisha someni hukumu ya Akayesu, ambayo imechapishwa na iko wazi kwa kila mtu, kuanzia ukurasa wa kwanza. Siku zile za Arusha ambazo wanawake wa Taba walisimama kizimbani bado, kwa nijuavyo, hazijapata tamthilia iliyoandikwa na Mnyarwanda. Anzeni na hizo.